Chumvi ndani ya zege haiishi

Ndugu Mhariri,

Nguzo nyingi za nyumba za pwani zina ufa wima unaofuata nondo, na michirizi ya kahawia ikishuka kutoka humo. Mwenye nyumba huita fundi, akaparua juujuu na kupiga plasta mpya. Ufa hurudi.

Wapo wanaoamini kwamba chumvi ya maji ya bahari au ya mchanga ikishakauka ndani ya zege imekwisha nguvu. Si kweli. Zege zima lina hali kali ya magadi, pH (kipimo cha asidi na magadi) yapata 12.5 au zaidi, na hali hiyo ndiyo huivika nondo utando mwembamba wa kuzuia kutu. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi huutoboa utando huo. Penye tundu chuma huyeyuka na kushikana na kloraidi. Kutu inapojitenga, kloraidi huachiwa huru, ikaenda kushambulia chuma kingine. Nayo kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili au zaidi, ndipo zege hupasuka.

Tupige hesabu. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloraidi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukikorogwa kwa lita 25 za maji hayo hupokea gramu 475. Kikomo kinachotumika sana kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200, na hizo ni pamoja na chumvi ya mchanga na kokoto!

Mchanga unaoutilia shaka utikise kwenye chupa safi pamoja na maji ya kuongezea betri (si tindikali). Acha utuame, chota maji ya juu, dondoshea nitreti ya fedha kutoka maabara. Yakigeuka meupe kama maziwa, kloraidi imo. Vaa glavu, dawa hiyo huacha madoa meusi.

Kwa nguzo iliyokwisha pasuka, egemeza kwanza mzigo wa juu. Chimba hadi milimita 20 nyuma ya nondo, isugue mpaka ing'ae, iliyoliwa sana ibadilishwe. Zege la jirani lenye chumvi nalo liondolewe, hata kama halijapasuka: ukiliacha, nondo iliyomo huanza kuliwa kandokando ya kiraka kipya.

Mkaguzi wa majengo,
Tanga