Shoti za wahudumu zisikatwe kimyakimya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wateja wetu hawalioni wanapokaa mezani, ingawa kila mfanyakazi wa mgahawa analijua kwa jina moja tu: shoti, yaani upungufu wa fedha au mali ambao mhudumu hukatwa kwenye mshahara wake.

Mimi ni meneja msaidizi wa mgahawa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, na nimekishika cheo hiki kwa miaka sita baada ya kuanza kazi kama mhudumu. Siku yangu huanza alfajiri kwa kupima samaki na kuku wanaoingia stoo, na huisha usiku baada ya kulinganisha fedha za kaunta na risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Fedha zikipungua, sahani zikivunjika au bili ikibaki bila kulipwa, mimi ndiye ninayeandika upungufu huo kwenye daftari, pamoja na jina la mhudumu atakayekatwa mwisho wa mwezi.

Ijumaa moja, baada ya swala, mgahawa ulijaa kama ilivyo kawaida ya siku ya biriani. Wateja sita waliokaa pamoja walimaliza kula, wakanyanyuka mmoja mmoja kwenda kunawa, na wa mwisho akatoka akiwa na simu sikioni. Mhudumu wao alikuwa kwenye dirisha la jikoni akisubiri sahani za meza nyingine, na aliporudi alikuta mifupa na glasi tupu za juisi. Bili ilikuwa shilingi 84,000. Binti huyo alikuwa akihudumia meza nane badala ya nne alizozizoea, kwa sababu saa moja kabla nilikuwa nimemhamisha mwenzake kwenda kufunga oda za kubeba. Uamuzi ule ulikuwa wangu, lakini jina nililoliandika jioni ile lilikuwa lake, na mwisho wa mwezi fedha yote ilitolewa kwenye mshahara wake wa shilingi 200,000. Alihesabu noti mbele yangu mara mbili, akashukuru, akatoka. Shukrani ile imenikaa moyoni hadi leo.

Baadaye niliisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu nilipopewa funguo za stoo. Kifungu cha 28 kinataka mfanyakazi akubali kwa maandishi kukatwa deni la namna hiyo, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake mwenyewe, mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo na kiasi cha hasara hiyo, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya 200,000 ni 50,000. Kwa hiyo hata kama binti yule angekuwa na kosa, na hakuwa nalo, bado tulimkata kupita kiasi.

Ninawaelewa wenye migahawa wanaosema kuwa wapo wahudumu wanaokula njama na wateja. Wapo, na nimewahi kuwakamata. Lakini mtu wa namna hiyo huitwa, huelezwa tuhuma na kusikilizwa, kisha huchukuliwa hatua kwa kosa lililothibitishwa. Haiwi haki kumtoza kila mhudumu kana kwamba yeye ndiye bima ya biashara, hasa siku hizi ambapo mteja anaweza kuonyesha ujumbe wa kughushi wa muamala wa simu, akaondoka huku foleni ikiwa imefika mlangoni.

Sisi mameneja wasaidizi tumewekwa pabaya katika jambo hili. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 17, inatutoa kwenye masharti ya saa za kazi, sisi tunaosimamia wenzetu na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Tunahesabiwa upande wa mwajiri hata pale tunapokula ugali mmoja na wahudumu nyuma ya jiko. Lakini nafasi hiyo inatupa kalamu, na kwa upande wangu sitaandika tena jina la mtu kabla hajaitwa na kusikilizwa. Nimekwisha kumweleza hivyo mwajiri wangu, naye ameomba muda wa kulitafakari.

Ninawaomba CHODAWU, chama kinachowahusu wafanyakazi wa hoteli na migahawa, wawafundishe wahudumu kifungu cha 28 kwa lugha nyepesi, na wawaambie kwamba mgogoro wa makato unaweza kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nao maofisa kazi wanapokuja kukagua, wasiishie kwenye mikataba na orodha ya mishahara. Waombe kuonyeshwa daftari la shoti. Kwetu linakaa kwenye droo ya kaunta, chini ya karatasi za mashine ya risiti.

Meneja msaidizi,
Kariakoo, Dar es Salaam