Wito wa Harambee: Mchoro wa Mtaa Wetu Kabla Ghorofa Halijapanda

Kwa wenye nyumba, wapangaji na wafanyabiashara wa mtaa wetu, pamoja na watoto wetu mliokulia mlimani hapa na sasa mnaishi Geita, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko: tunawasalimu, kila mmoja kwa salamu ya imani yake.

Tunaomba mtuchangie shilingi milioni 14, ili shauri letu dhidi ya mnunuzi aliyezifunga ngazi zetu za mawe litakapoanza kusikilizwa tuwe na kitu ambacho hatujawahi kuwa nacho tangu wazee wetu walipojenga juu ya majabali haya ya Mwanza yanayotazama Kirumba. Kitu hicho ni mchoro wa mipangomiji wa mtaa, uliopimwa na mpimaji aliyesajiliwa, unaoonyesha kila nyumba, kila njia ya miguu na kila korongo linaloshusha maji kuelekea ziwani. Tumekwisha kujifunza kwamba bila mchoro huo malalamiko yetu ni maneno matupu, na maneno hayawekewi bikoni za mipaka.

Mambo yalianza kimyakimya. Viwanja vinne vilivyo chini ya ngazi kuu za mawe viliuzwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kupitia kwa dalali wake, na hakuna aliyetambua kwamba mnunuzi alikuwa mmoja mpaka siku mabati yalipozungushwa viwanja vyote kwa pamoja, na ngazi zikiwa ndani yake. Tangazo la kusudio la kubadili matumizi ya viwanja hivyo, kutoka makazi kwenda makazi na biashara, lilibandikwa upande wa barabara ya magari, mahali ambapo wakazi wa juu hatupiti kwa sababu barabara ya magari haifiki kwetu. Tulilisoma kwa kuchelewa, baada ya kijana mmoja wa bodaboda kulipiga picha na kulituma kwenye kundi la simu la mtaa. Wakati huo wapasuaji wa mawe walikuwa wamekwisha kuanza kuwasha moto, ili lipasuke, juu ya jabali ambalo nyumba tatu za juu yake zimeliegemea.

Tunataka ieleweke mapema kwamba hatupingi ghorofa. Mji huu unakua, na anayekana hilo hajapanda daladala ya asubuhi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao laki 7 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1 na laki 1. Daraja la kuunganisha Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Isaka kuja Mwanza ulianza mwaka 2021, na kila habari ya namna hiyo inapotangazwa madalali huongezeka mlimani. Watu hao wapya lazima walale mahali, na ni afadhali walale karibu na mji kuliko kuusukuma mji mpaka mashambani. Ndani ya kamati yetu wenyewe wamo wawili wanaotamani kujenga ghorofa siku moja, na hakuna aliyewacheka. Tunachouliza ni ghorofa la kimo gani, majitaka yake yanaelekea wapi, na njia ya nani inafungwa ili lisimame.

Swali la majitaka ndilo zito kuliko yote, ingawa kwenye mikutano watu huona haya kulisema. Mlimani kwetu mwamba uko karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo shimo la choo halichimbiki kwa kina kama inavyowezekana kwa wenzetu wa bondeni. Nyumba ya familia moja inavumilia kwa shida, na mvua za masika zikija kubwa mashimo hufurika, na kinachofurika hushuka, kikipita kwenye nyua za watu, kwenye mabomba ya maji safi yaliyotambaa juu ya mawe, hadi chini sokoni. Baadhi ya milima ya Mwanza imeunganishwa na mabomba membamba ya majitaka yaliyobuniwa kwa ajili ya makazi ya namna hii, nasi tunatamani kufikiwa na huduma hiyo. Lakini mabomba hayo hupimwa kwa hesabu ya kaya zilizopo. Jengo lenye makumi ya vyumba na maduka chini yake likiingizwa bila hesabu mpya, atakayelipa ni yule anayeishi chini ya bomba. Ukijenga juu ya mwenzako kwenye mteremko, kila unachomwaga kitamfikia.

Kisha kuna ngazi. Mgeni akiziona anaweza kudhani ni mawe yaliyojipanga yenyewe, lakini zilipangwa kwa mikono ya wazee wetu, na ndiyo njia pekee tunayopitishia machela ya mgonjwa na jeneza la marehemu. Tangu mabati yazungushwe tumezika mara mbili, na mara zote mbili jeneza limepitishwa kwa kuzunguka nyuma ya mtaa, kwenye uchochoro ambao wabebaji wanne hawaenei sambamba. Yeyote aliyekuwapo hahitaji kuelezwa kwa nini tunachangishana.

Kuhusu jabali lenyewe, sisi si wahandisi. Tunakumbuka tu kwamba Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25, na tangu hapo mama mwenye nyumba iliyo karibu zaidi na moto ule wa mawe hulala na wajukuu wake chumba cha mbele. Sehemu ya fedha tunazoomba itamlipa mhandisi aje akague jabali na kuandika anachokiona, kiwe kinatupendelea au hakitupendelei.

Tumeshapita kwenye baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo limebaki na kazi ya kusuluhisha, na usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi wetu haukufanikiwa. Mwakilishi wa mwendelezaji, yaani yule mnunuzi wa viwanja vinne, alikuja na ramani ya rangi, yenye vipimo na mihuri, nasi tulikuja na wazee saba waliosimulia vizuri sana. Wazee wale hawakusema uongo hata neno moja, lakini mjumbe mmoja alipowaomba waonyeshe kwenye karatasi ngazi zinapita wapi, hapakuwa na karatasi ya kuonyesha. Tulitoka pale tukiwa tumeelewa kazi iliyo mbele yetu.

Kazi hiyo ina njia mbili zinazokwenda pamoja. Njia ya kwanza ni shauri la haki ya kupita, ambalo litahitaji wakili na ushahidi. Ya pili ni pingamizi dhidi ya mabadiliko ya matumizi, linalopelekwa kwenye mamlaka ya upangaji miji kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, likiambatana na mchoro wetu unaopendekeza jengo la kimo cha wastani, njia ya umma yenye upana wa kupitisha machela, na mtaro wa maji ya mvua. Mchoro huohuo utatumika baadaye kukamilisha urasimishaji wa mtaa, yaani kutambuliwa rasmi kwa makazi yetu, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalitambua na ambalo tumelizungumza kwa miaka mingi bila kulifikisha mwisho. Wengi wetu tunazo leseni za makazi zilizokwisha muda wake, na wengine hatuna hata hizo.

Kwa wale wanaofikiwa na madalali wiki hizi, tunaomba mtuvumilie tuseme neno. Kuuza ni haki yenu, na waliokwisha kuuza tusiwaite wasaliti. Mmoja wao aliuza ili alipie matibabu Bugando, na sisi sote tunajua. Hata hivyo msikubali kutishwa kwamba serikali inakuja kuchukua, kwa hiyo mchukue kidogo mnachopewa leo. Ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, ilhali mnunuzi binafsi hununua kwa bei mnayokubaliana naye, na hana mamlaka ya kumwondoa mtu asiyetaka kuuza. Vilevile nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelisema hilo, na sahihi iliyowekwa baba akiwa safarini au mama akiwa msibani huwa mwanzo wa kesi nyingine.

Jambo lililotugawa kwenye kamati ni wapangaji. Wapo waliosema kwamba mpangaji hana kiwanja, hivyo asichangishwe wala asipige kura. Katibu, anayeandika wito huu, alikuwa na maoni tofauti, na anakiri kwamba alisema kwa ukali kuliko ilivyompasa. Nyumba nyingi za mlimani zina wapangaji wa chumba kimoja kimoja, na viwanja vile vinne vilipouzwa wao ndio waliotoka kwanza, wakiwa wamekwisha kulipa kodi ya miezi sita ambayo baadhi yao hawajarudishiwa mpaka leo. Tulikubaliana mwishowe kwamba mpangaji hatapangiwa kiwango, atatoa anachoweza, na atapiga kura kama wengine.

Fedha zitagawanywa hivi: shilingi milioni 6 na nusu kwa upimaji na mchoro, milioni 4 na nusu kwa wakili na ada za shauri, milioni 2 kwa mhandisi, na milioni 1 kwa nakala, usafiri wa mashahidi na dharura. Mkononi tunazo 2,150,000 zilizotokana na bahasha za mwezi uliopita. Kila mwenye nyumba anaombwa shilingi 50,000, kwa awamu ikibidi, na walioko mbali wanaweza kutuma kupitia kwa ndugu zao waliopo mtaani, ambao watapewa stakabadhi kwa jina la mtumaji. Fedha hazitolewi benki bila sahihi tatu, mojawapo ikiwa ya mwakilishi wa wapangaji, na hesabu itabandikwa kila Jumatatu kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Tukisuluhishwa kabla ya shauri kusikilizwa, fedha za wakili zitatumika kujenga mtaro wa maji ya mvua.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa 9 alasiri, kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Asiye na fedha aje na nguvu, kwa maana mpimaji atahitaji vijana wa kusafisha njia na kushika kamba kwa muda wa siku nne.

Pia tunawaomba mfungue masanduku. Leteni leseni za makazi za zamani, stakabadhi za kodi ya majengo, hati za mauziano zilizoandikwa kwa mkono mbele ya balozi wa nyumba kumi, na hasa picha. Wakili ametuambia kwamba picha yoyote ya zamani inayoonyesha watu wakipita kwenye ngazi zile ina thamani kubwa kwenye shauri letu. Maharusi wengi wa mtaa huu walisimamishwa pale wapigwe picha, kwa sababu ziwa huonekana vizuri nyuma yao. Tutazitengenezea nakala siku hiyohiyo na kuwarudishia zenu.