Mwanangu, hata hesabu huchagua upande

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa furaha, ila kuna jambo moja ndani yake ambalo sikutaka lipite bila kujibiwa. Umesema umechagua sayansi ya kompyuta kwa sababu namba hazina upendeleo, na kwamba maamuzi yakiachiwa mashine, dhuluma itapungua. Watafiti wa taaluma hiyo unayoingia wamelibishania jambo hilo kwa miaka mingi sasa, na ubishi wao umezaa uthibitisho wa kihisabati ambao, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi angepaswa kuusoma kabla hajaandika programu inayogusa maisha ya mtu.

Ubishi wenyewe ulipamba moto Marekani. Baadhi ya mahakama za huko hutumia programu iitwayo COMPAS, ambayo humpa mshtakiwa alama kati ya 1 na 10 kukadiria uwezekano wa yeye kurudia kosa, na alama hiyo hufika mbele ya jaji anayefikiria dhamana au adhabu. Mwezi Mei 2016 waandishi wa ProPublica, shirika la habari za uchunguzi la huko, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za Kaunti ya Broward, katika jimbo la Florida. Waliwachukua washtakiwa ambao kwa miaka miwili hawakupatikana na shtaka jipya, wakauliza ni wangapi kati yao walikuwa wamehesabiwa na programu kuwa ni watu wa hatari. Miongoni mwa Weusi walikuwa takriban asilimia 45, na miongoni mwa Wazungu takriban asilimia 23. Kampuni iliyoitengeneza, ambayo wakati huo iliitwa Northpointe, ilijibu kwa hesabu nyingine: wachukue watu waliopewa alama ileile, Weusi na Wazungu, nawe utakuta wanarudia makosa kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo alama hiyo haimpendelei yeyote.

Ungedhani upande mmoja ulidanganya, lakini hesabu za pande zote mbili zilikuwa sahihi. Watafiti Jon Kleinberg, Sendhil Mullainathan na Manish Raghavan kwa pamoja, na mwenzao Alexandra Chouldechova kwa njia yake mwenyewe, walithibitisha kwamba iwapo kiwango cha kurudia makosa kilichoandikwa kinatofautiana baina ya makundi mawili, na programu si ya kubashiri bila kukosea kamwe, basi vipimo hivyo viwili vya usawa haviwezi kutimia kwa pamoja. Ukihakikisha kwamba alama ina maana ileile kwa kila mtu, makosa yatalielemea kundi moja; ukiyagawa makosa sawasawa, alama ileile itakuwa na maana tofauti kwa kila kundi. Hakuna ustadi wa kuandika programu utakaokuvusha hapo. Sharti mtu fulani aamue ni kosa lipi lina nafuu na limwangukie nani, na uamuzi huo hauchimbwi kutoka katika data.

Hiyo data nayo inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko inavyotazamwa madarasani. Hakuna mahakama yenye daftari la makosa yote yaliyotendwa. Iliyo nayo ni daftari la watu waliokamatwa. Mtaa unaopigwa doria usiku na mchana utatoa wakamatwaji wengi kuliko mtaa ambao polisi hawakanyagi, hata kama wakazi wa mitaa yote miwili wanakosa kwa kiasi kilekile. Programu inayojifunza kutokana na daftari hilo hujifunza mazoea ya polisi pia, kisha humkabidhi jaji mazoea hayo kwa sura ya namba, naye jaji huona vigumu kubishana na namba.

Mwaka 2018 watafiti Julia Dressel na Hany Farid walionyesha jambo ambalo, nikiri, hunikera kuliko hayo yote. Fomula sahili iliyotumia umri wa mshtakiwa na idadi ya hatia zake za awali tu ilibashiri kwa usahihi wa karibu asilimia 67, unaokaribiana na ule wa COMPAS, ambayo inaweza kutumia hadi taarifa 137 kumhusu mtu. Kama ndivyo, usiri wa nini? Mshtakiwa mmoja wa Wisconsin alilalamika kwamba hawezi kuipinga alama ambayo ukokotoaji wake ni siri ya biashara, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliruhusu programu iendelee kutumika, mradi majaji wapewe tahadhari na alama isiwe ndiyo inayokata shauri. Cynthia Rudin, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Duke, ameshikilia kwamba katika maamuzi mazito kama haya hatupaswi kuunda mfumo usiofahamika kisha tukatafuta namna ya kuueleza. Tuunde unaofahamika tangu mwanzo. Mimi niko upande wake.

Najua utanijibu kwamba majaji nao wana upendeleo, na kwamba programu walau inaweza kupimwa. Hoja hiyo ni nzuri na nusu yake naikubali, kwani ProPublica wasingegundua lolote kama alama zisingekuwa zimeandikwa mahali. Lakini programu hupimika pale tu wenye nayo wanapolazimika kuifungua, na kuwalazimisha ni kazi ya sheria.

ProPublica waliiweka data ya Broward wazi kwa yeyote anayeitaka. Likizo ikifika, ichukue, uandike programu yako mwenyewe ya kubashiri, na upime vipimo vyote viwili. Kisha niandikie ni kipi ulichokichagua, na maneno ambayo ungemwambia mtu aliyebaki rumande kwa sababu hukuchagua kile kingine.

Akupendaye,
Mama yako