Wifi, mtoto sikupi, ila njoo

Shikamoo wifi,

Ombi lako limenifikia. Kaka yako alinisomea ujumbe wote, hadi pale uliposema dada mtu, binti yangu mkubwa, aje kwako Dar asome huko ili sisi tupate kupumua. Najua umelitoa kwa moyo mweupe. Wanao wamekua, chumba kipo, na shule ya hapo mtaani kwako inasifiwa. Hata mama mkwe kasema ni jambo la heri.

Jibu langu ni hapana. Sikutaka kulitoa kwa mkato kwenye kundi la familia, katikati ya michango ya misiba na picha za sendoff. Naliandika hapa wazi kwa sababu hauko peke yako. Nyumba nyingi zenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi kama alio nao mdogo wake, zina wifi au shangazi mwenye roho nzuri kama yako, anayetaka kusaidia ila haoni pa kushika.

Ninyi mlio mbali mnatujua kwa siku za wodini. Mnaona picha ya mkono mdogo wenye kanula, mnasikia kaka yako anatafuta watu wa kuchangia damu. Siku hizo ni mbaya kweli, lakini zimepungua sana tangu huyu mdogo aanze haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huu. Kazi yenyewe iko nyumbani. Asubuhi foliki asidi na penisilini, jioni penisilini tena. Siyo kwamba ana kidonda au kikohozi: bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja vijidudu kwenye damu, kwa watoto hawa huharibika mapema, kwa hiyo penisilini ndiyo ulinzi wake angalau mpaka atimize miaka 5. Haidroksiurea nayo ina mambo yake. Kapsuli nzima inazidi dozi yake, hivyo tunaiyeyusha kwenye maji kama mfamasia alivyotuonyesha, tunavaa glavu, tunampimia kwa bomba la sindano. Mwenye mimba haruhusiwi kuigusa. Ndiyo maana yule binti wa jirani, mjamzito wa watu, nilimpokonya kikombe akitaka kunisaidia, ikasemwa mtaani nina dharau.

Ulisema hiyo ni dawa ya saratani, itammaliza mtoto. Ni kweli hutumika pia kwenye baadhi ya saratani. Lakini kuna utafiti uliofanyika kwa watoto wa Kiafrika, Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatolewa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Tunampeleka kupima damu kama tulivyopangiwa ili dozi isizidi. Vile vidonge vya kuongeza damu ulivyotutumia viko kabatini, sijamgusisha. Damu yake haipungui kwa kukosa madini ya chuma. Inapungua kwa sababu chembe zake nyekundu za damu zinakufa mapema, na kila anapoongezewa damu chuma hicho kinaingia mwilini na kubaki. Juisi ya rozela anakunywa, anaipenda, lakini ni juisi tu, wifi. Ukitaka kutuma hela, tuma ya haidroksiurea ya mwezi mmoja. Hiyo ndiyo inayotutoa jasho.

Na maji. Anakunywa kutwa nzima, kwa sababu mwili ukikaukiwa zile chembe zinapinda, zinashikana, zinaziba mishipa midogo, na pale zinapoziba ndipo maumivu yanapoanzia. Sasa anayekunywa hivyo anakojoa sana, na figo zake hazijui kuubana mkojo kama zako. Kwa hiyo anakojoa kitandani. Ile Pasaka mlipokuja ulimwita kikojozi mbele ya binamu zake, nanyi mkacheka. Ulikuwa utani, sina kinyongo. Ila nataka ujue kilichotokea usiku ule. Dada mtu ndiye aliyeamka. Alipangusa ile nailoni ya juu ya godoro kwa khanga kuukuu, akageuza shuka upande mkavu, akamvua mdogo wake kaptura akamvalisha yake ya michezo iliyomfika magotini, akamsogeza ukutani akalala yeye kwenye unyevu. Asubuhi aliwaambia binamu zake kwamba yeye ndiye aliyemwaga maji ya kunywa.

Huyo ndiye unayemtaka.

Usidhani namng'ang'ania kwa kuwa ni yaya wa bure. Kinyume chake, kinachonikosesha usingizi ni kwamba anafanya mengi ambayo hakuna aliyemtuma. Ana miaka 11, anajua kutazama weupe wa macho ya mdogo wake na kuniambia "leo ni ya manjano zaidi". Mtoto wa darasa la tano hapaswi kuwa na jicho hilo. Lakini dawa ya jambo hilo si basi la Dar.

Halafu kuna suala la uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ianze kupandikiza uboho kwa watoto wa selimundu mwaka 2023, kila ndugu anatutumia video. Tunashukuru. Lakini uboho unatoka kwa mtu, na anayetazamwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, naye bahati ya kulingana kabisa ni moja kati ya nne. Sisi tuna mtoto mwingine mmoja tu. Basi watu wazima wanakaa sebuleni kwetu, chai mkononi, wanasema "si dada mtu atatoa?", na dada mtu yuko pale pale anasikia. Wiki iliyofuata tukiwa tunachambua mchele akaniuliza watamkata mfupa upi.

Nilimweleza kwamba hawakati. Huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, kisha mwili hutengeneza mwingine. Nikamwambia pia kwamba hata vipimo vya kulinganisha hatujafanya, hakuna aliyepanga kitu. Akatoa mawe mawili matatu, akauliza, "Na nikikataa?" Nikamjibu, ukikataa umekataa, na utabaki kuwa mwanangu vile vile. Hakusema kitu, akaendelea na mchele.

Sasa mchukue mtoto mwenye swali hilo kichwani, mpandishe basi pale stendi ya Nyegezi, Mwanza, na sanduku jipya, mwambie anakwenda kusoma. Hesabu atakayoipiga naijua: mdogo wangu amebaki kwa sababu anaumwa, mimi nimeondolewa kwa sababu mzima. Hata ukimpikia pilau kila Jumapili hutaifuta.

Basi nikwambie ninachokitaka, wifi, na ni kikubwa kuliko ulichotoa. Njoo wewe. Njoo Juni shule zikifungwa, ukae wiki mbili tatu, nikufundishe. Kaka yako kazi hii anaijua vizuri, lakini lori lake likielekea Kigoma nabaki peke yangu, na mtu mmoja hawezi kuwa kwenye kikao cha wazazi huku amekaa na mtoto mwenye homa.

Nitakufundisha kupima bandama. Analala chali, magoti ameyakunja, unasugua viganja vyako kwanza vipate joto maana mikono ya baridi inamfanya akaze tumbo. Unaanzia chini, unapanda taratibu kwa ncha za vidole kuelekea chini ya mbavu za kushoto, unamwambia avute pumzi. Ikija kugusa vidole utausikia ukingo wake. Tuna kijiti chenye alama ya kalamu kuonyesha kawaida yake iko wapi. Siku ikivuka alama ghafla na viganja vikawa vyeupe, humalizii hata chai: damu imejaa kwenye bandama, na mtoto anaweza kutuponyoka ndani ya saa chache. Homa ikifika nyuzi 38.5, ni hospitali vile vile, hata kama ni saa nane za usiku na anacheka. Maumivu ya kawaida tunaanza nayo nyumbani, paracetamol, maji, kitambaa cha uvuguvugu. Barafu hapana. Najua kwenu mtu akivimba mnambandika barafu. Huyu baridi ndiyo inayomchokoza. Ndiyo maana hata ziwani watoto wenzake wakiogelea yeye anakaa mchangani amefura kwa hasira, na hapo utahitaji hadithi nzuri sana.

Ukishajua hayo, mimi nitatoka na dada mtu. Hata sokoni tu. Anunuliwe viatu bila kuharakishwa.

Kuna jingine, nalo nalisema kwa heshima zote. Lile neno la "kwao ndiko kulikotoka", yaani ugonjwa umetoka ukoo wangu, liishe. Ugonjwa huu mtoto haupati mpaka arithi kinasaba kwa baba na kwa mama, kimoja kimoja. Mimi ninacho, kaka yako anacho, na hakuna kati yetu anayeumwa. Hakuna aliyerogwa. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kinasaba kimoja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimejaa kwetu kwenye mbu. Huku Kanda ya Ziwa ni kama mtu mmoja kati ya watano. Bahati mbaya aliyerithi viwili hapati faida hiyo. Kwake malaria ni hatari zaidi, kwa hiyo ukija utalala ndani ya chandarua bila ubishi.

Kaka yako anacho, maana yake amekitoa kwa baba au kwa mama, na wewe ni mtoto wao. Unaweza kuwa nacho, na mwanao pia. Nasikia barua ya posa inaandikwa, na binti ni wa huku huku Sengerema. Wapime, wifi, kabla watu hawajashona sare. Simwambii asimuoe. Wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama wangu, na ni bora walijue wakiwa wamekaa kitako kuliko kulijua mtoto wa miezi minane anapovimba vidole vya mikono na miguu na kulia bila kunyamaza, kama sisi.

Na yule mdogo wake, mwenye kifua cha kubeba magunia, mkumbushe kwamba mwanaume mzima wa miaka 18 na kuendelea, mwenye kilo 50 na zaidi, anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu. Si lazima asubiri tumpigie simu tukiwa tunalia.

Ukija leta zawadi mbili zinazofanana au usilete kabisa. Tiketi tutachangia nusu. Tarehe nitajie mapema, kwa sababu dada mtu kachaguliwa timu ya netiboli, mechi ni Juni hiyo hiyo, na ameshasema anataka shangazi ndiye akae pembeni ya uwanja. Mimi kanikataa. Anasema mama kazi yake kuangalia simu.