Risala ya kikundi chetu cha tando za COF kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wanafunzi wenzetu, karibuni sana. Mheshimiwa tunakushukuru kwa kukubali kuja, tunajua ratiba yako imebana. Sisi ni wanafunzi wa kemia tunaotengeneza tando, yaani tabaka nyembamba sana, za fremu za kikaboni zenye vitundu, zile ambazo watu wa fani wanaziita COF tu.

COF za kwanza zilitangazwa 2005 na timu ya Omar Yaghi, ambaye 2025 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson kwa zile fremu za jamii jirani zenye metali ndani. Zetu hazina metali, ni atomi nyepesi zilizoshikana mpaka zinatoa wavu wenye vitundu vinavyolingana, mfano COF-5 kitundu chake ni kama nanomita 2.7. Nyavu zinalaliana kama sahani kabatini na kwenye ule mrundikano ndo chaji inatakiwa ishuke tabaka kwa tabaka, alafu vile vitundu unaweza kuvijaza molekuli zinazopokea elektroni kama fulereni, yaani vile vimpira vya kaboni, kwahiyo kwenye sola chaji chanya na hasi kila moja inakuwa na njia yake. Hilo ndo linatufanya tuipende hii kazi.

Sasa shida mheshimiwa, ukipika COF kawaida inatoka poda, na poda yenyewe haiyeyuki, huwezi kuimwaga kwenye kioo ukakizungusha ili isambae kama polima nyingine, na ukiigandamiza chembe zinaangalia kila upande chaji inakwama mipakani. Lazima utando uoteshwe palepale juu ya kioo. 2011 kundi la William Dichtel, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lilionyesha ukitanguliza grafini, yaani tabaka jembamba la kaboni, chini utando unaota umepangika, nguzo za zile nyavu zilizolaliana zimesimama wima. Kwa sola wima ndo penyewe maana elektrodi ziko juu na chini, ila kwa transista mkondo unapita kwa ulalo, hapo mahitaji yanabadilika kabisa na wengi wanapachanganya.

Sisi kioo tunakilaza kifudifudi ndani ya chupa ili poda inayozaliwa kwenye mchanganyiko isitue juu ya utando, kikitoka unaona rangi nyembamba sana, wakati mwingine mpaka ukiinamishe kwenye taa ndo unaiona. Na zile zenye bondi za boroni unyevu unazivunja haraka, kwahiyo tunahamia kwenye bondi za imini, za kaboni na naitrojeni, ambazo zinavumilia maji zaidi.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni kupata nafasi kwenye mashine ya eksirei inayopiga kwa pembe ndogo sana, kwa sababu ile ya kawaida ya poda miale inapita kwenye utando inaishia kusoma kioo, kwahiyo saivi tunaotesha tando bila kujua nguzo zimesimama au zimelala. La pili ni kisanduku cha glovu, yaani kilichofungwa unachoingizia mikono kupitia glovu, chenye gesi ya naitrojeni, cha kuhifadhia sampuli zisipigwe na unyevu kabla hazijapimwa.

Tunaomba kuwasilisha.