Fahirisi ya h haitoshi kumpima mkemia

Mhariri,

Zipo kamati za kupandisha vyeo vya wahadhiri ambazo hufungua ukurasa wa mwombaji kwenye Google Scholar, zikasoma fahirisi ya h, yaani namba inayotokana na idadi ya makala zake na nukuu zake, na shauri likaishia hapo. Kwa watu wa kemia ogania namba hiyo inapotosha, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Fahirisi hii ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unashuka hadi pale nukuu zinapokuwa chache kuliko nafasi ya makala katika orodha; h ni nafasi ya mwisho kabla ya hapo. Mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 120, 40, 11, 5 na 4 ana h ya 4, kwa kuwa ya nne ina nukuu 5 lakini ya tano ina 4 tu. Sasa ile ya kwanza ipande kutoka 120 hadi 3,000: h inabaki 4 ile ile. Makala moja iliyogeuza fani nzima haina uzito wowote wa ziada hapo.

Mtazame Richard Heck wa Marekani. Mwaka 1968, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Hercules huko Wilmington, Delaware, alichapisha makala saba mfululizo katika toleo moja la jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, zote kwa jina lake peke yake. Zilionyesha namna metali ya paladiamu inavyochochea kuunganishwa kwa kaboni na kaboni, ila zilihitaji misombo ya zebaki, ambayo ni sumu. Mwaka 1972, akiwa Chuo Kikuu cha Delaware, yeye na mwenzake Nolley waliiondoa zebaki: walitumia iodobenzini, stairini, tributilamini, na asetati ya paladiamu moli 1 tu kwa moli 100 za iodobenzini, kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kinachopatikana ni stilbini. Tributilamini, ambayo ni besi, imo kwa kazi maalumu, kwani kila mzunguko huzalisha hidrojeni iodidi, na isipodakwa na besi hiyo paladiamu hairudi katika hali ya kuanza mzunguko mwingine. Mambo yakienda mrama, paladiamu hujikusanya ikawa unga mweusi chini ya chupa na mmenyuko ukasimama. Mjapani Tsutomu Mizoroki alikuwa amechapisha mmenyuko wa aina hiyo mwaka 1971, naye anastahili kutajwa kila mara.

Nukuu za kazi hiyo zimekwenda wapi? Nyingi zimemezwa na jina. Anayeandika leo husema tu “mmenyuko wa Heck”, akaweka rejeo la makala ya mapitio, kama ile ya Beletskaya na Cheprakov ya mwaka 2000 katika Chemical Reviews, au asiweke rejeo kabisa. Viwandani ndiko zinakopotea zaidi. Mmenyuko huu umetumika kutengeneza naproxen ya kutuliza maumivu na montelukast ya pumu, lakini kiwanda kinaandika hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, na hataza haziingii katika h ya Scopus wala ya Web of Science, kanzidata za nukuu za makala. Heck alistaafu 1989, ruzuku za utafiti zilipopungua. Tuzo ya Nobel, pamoja na Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki, ilikuja 2010.

Wakemia wetu wa mimea dawa wako katika hali ngumu zaidi. Magome ya mti hukaushwa, husagwa, huloekwa, dondoo hupitishwa kwenye safu ya silika mara kadhaa, na mwisho hubaki miligramu chache zinazosubiri zamu kwenye mashine ya NMR, inayoonyesha muundo wa molekuli, pengine nje ya nchi. Kumlinganisha mtu huyu kwa h na mwenzake wa fani yenye waandishi hamsini kwa makala ni dhuluma.

Kamati zimwombe mwombaji makala zake tatu bora, kisha zisome zile sentensi ambamo amenukuliwa. Aliyefuata njia yake hatua kwa hatua na aliyemtaja katika mkumbo wa marejeo kumi hawalingani. Waombaji nao washike namna moja ya kuandika jina, maana leo jina la baba na kesho la babu hugawa kazi za mtu mmoja kwa watu wawili, na wajisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 inayoziunganisha. Na h ikilazimika kuandikwa kwenye fomu, iandikwe pamoja na jina la kanzidata na tarehe iliyosomwa: Google Scholar huhesabu hata tasnifu, na Scopus haina marejeo ya makala zote za kabla ya 1970, hivyo mtu yule yule huwa na h tofauti kila mahali.

Msomaji wako,
Dar es Salaam