Sitawatumia jedwali langu: barua kwa walimu wanaostaafu mwaka huu

Walimu wenzangu, wadogo zangu,

Nawasalimu. Siku ile ya maziko, tulipokaa chini ya mwembe tukisubiri chakula, mmoja wenu alinisogelea akaninong'oneza: "Mwalimu, nasikia una jedwali la hisa. Ukinirushia hata kwenye simu nitashukuru." Nikamwambia tutaongea. Jua lilipozama walikuwa wamefika watano, na wiki iliyofuata niliacha kuhesabu. Kwa kuwa wote mnakaribia kupokea mkupuo wa pensheni, na swali lenu ni moja, nawajibu kwa pamoja: jedwali sitalituma.

Msinune kwanza. Nisikilizeni.

Jedwali lenyewe halina siri. Lilianza mwaka 2013, nilipostaafu, kwenye daftari la hesabu la miraba, lile tulilokuwa tukiwagawia watoto wa darasa la pili. Mjukuu wangu akaja likizo akalihamishia kwenye Excel, akanionyesha namna ya kujumlisha safu nzima kwa kugusa mara moja. Lina kampuni chache tu za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kila kampuni ina ukurasa wake, kila mwaka una mstari wake. Namba nazitoa kwenye taarifa za fedha: za benki huchapishwa magazetini kila robo mwaka, na taarifa kamili za mwaka zipo kwenye tovuti za kampuni zenyewe. Magazeti nayakata kwa mkasi, nayaweka kwenye bahasha ya kaki. Mama watoto anasema chumba kimegeuka ofisi ya mtendaji.

Sasa kwa nini siwapi? Acheni nichukue ukurasa mmoja, wa benki ya NMB. Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake kwa umma mwaka 2008, hisa moja ilikuwa Sh600. Tuanzie karibu zaidi. Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni humlipa mwenye hisa, kwa kila hisa na kwa mwaka wa hesabu husika: 2016, Sh104. 2017, Sh64. 2018, Sh66. 2019, Sh96. 2020, Sh137. 2021, Sh193. 2022, Sh286. 2023, Sh361. 2024, karibu Sh429.

Mtu aliyetumiwa jedwali hili huanza kusoma kutoka chini. Anaiona 429, anameza mate, anampigia dalali. Anayelijaza kwa mkono wake hukwama pale juu, 104 inapogeuka 64. Mimi nilikwama. Nilidhani nimeruka namba, nikarudi kwenye bahasha, nikavaa miwani, nikakuta sijakosea. Ndipo nikaongeza safu ambayo sikuwa nayo: faida ya mwaka. Mwaka 2016 benki ilipata faida ya zaidi ya bilioni 150 baada ya kodi. 2017 ikashuka mpaka bilioni 93 na kitu. Nikagawanya gawio la hisa zote kwa faida, mwaka hadi mwaka. Jibu likawa lilelile kila mstari: theluthi moja, kasoro kidogo au zaidi kidogo. Mwaka mbaya theluthi, mwaka mzuri theluthi. Bodi haikuwa imebadili tabia hata siku moja. Theluthi ya sahani ndogo ni ndogo, basi.

Hapo nilikaa na kalamu mdomoni muda mrefu. Nilikuwa nimetafuta kampuni "inayoongeza gawio kila mwaka" kama wanavyosema Wamarekani, ambao wanazo kampuni zilizopandisha gawio miaka 50 mfululizo bila kukosa. Kule kampuni ya namna hiyo ikipunguza gawio ni kama mchungaji amekutwa kilabuni. Kwetu mambo hayako hivyo. Benki zetu zinaahidi sehemu ya faida, haziahidi kiasi. Kwa hiyo unayepaswa kumchunguza ni huyo faida. Gawio ni kivuli chake.

Benki ya CRDB inasimulia hadithi hiyohiyo kwa sauti ya juu zaidi. Kwa mwaka 2015 ililipa Sh17 kwa hisa. 2016, Sh10. 2017, Sh5. 2018, Sh8. Halafu 17, 22, 36, 45, 50, na 65 kwa mwaka 2024. Ukianza jedwali lako 2018 utaapa kwamba umekutana na malaika. Ukianza 2015 utaona ilichukua miaka minne kurudi pale pale kwenye 17. Mstaafu wa 2016 aliyepanga maisha yake kwa kutegemea ile 17 aliishi miaka hiyo minne vipi? Na bei nayo ilishuka chini ya Sh150 ambazo watu walinunulia mwaka 2009, kwa hiyo hata kuuza kulikuwa kuuza kwa hasara.

Kilichotokea miaka ile mnakikumbuka, mlikuwa kazini. Fedha za mashirika ya umma zilihamishiwa Benki Kuu, wafanyabiashara wakawa hawalipwi kwa wakati, mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ikapanda. Sisi walimu tuliongea "vyuma vimekaza" kila siku pale ofisini. Vyuma vilikaza, na kwenye jedwali vikaonekana kama 104 kuwa 64. Ndiyo maana nataka mjaze wenyewe: kila mmoja wenu ana kumbukumbu zake za kuweka pembeni ya namba. Mimi ubavuni mwa 2017 nimeandika "ada ya Salma, nilikopa".

Nami sikuwa mwerevu. Nitawasimulia kosa langu, na kampuni siitaji kwa sababu haikuhusika hata kidogo. Nilikuwa na namba tatu za gawio, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Mjukuu alikuwa amenifundisha kushika kona ya kisanduku na kuburuta kwenda chini, Excel ikajaza yenyewe. Nikaburuta mpaka mwaka 2025. Excel haikukataa, Excel haikatai kitu. Nikaona utajiri umepangwa kwenye mistari, nikamwambia mama watoto kwamba mwezi wa sita tunabadilisha mabati ya sebuleni. Duka la vifaa vya ujenzi likatupa mabati kwa mali kauli. Mwezi wa sita ukafika, gawio likaja chini ya nusu ya kile kilichoandikwa kwenye jedwali langu. Deni nililipa kwa pensheni, kidogo kidogo, mpaka Februari. Mwenzangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, tena kwa upole: "Hivi yale mabati yapo Excel au yapo juu ya nyumba?" Siku hizi safu ya miaka ijayo haipo. Nimeifuta, na mjukuu nimemkataza kuirudisha.

Haya, tuje kwenye bei, kwa sababu hapa ndipo walimu wa hesabu mnaniangusha. Mnanukuu mtu aliyenunua NMB kwa Sh600 ambaye kwa mwaka 2024 alipata Sh429 kwa kila hisa. Ni kweli, na Mungu ambariki. Lakini wewe hununui kwa 600. Tuseme unanunua kwa Sh6,000. Toa kwanza kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5 kwenye 429, unabaki na kama 407. Gawanya kwa 6,000: asilimia 6.8. Kwa milioni moja hiyo ni kama Sh68,000 kwa mwaka, kabla hujahesabu makato ya dalali na ya soko siku ya kununua.

Weka pembeni yake hati fungani ya serikali, yaani mkopo unaoikopesha serikali kwa riba, ya miaka 25, ambayo imewahi kutolewa kwa riba ya asilimia 15.95. Milioni moja inakupa Sh159,500 kwa mwaka, iwe mvua iwe jua, ila haitaongezeka hata senti. Gawio lile la Sh68,000 likikua kwa asilimia 10 kila mwaka bila kukosa, litaifikia riba ile baada ya miaka tisa hivi. Unastaafu na miaka 60. Kwa hiyo kwa miaka tisa mwenye hati fungani anakula kukuzidi, na mnakutana mezani ukiwa na miaka 69. Baada ya hapo wewe ndiye unayecheka, kama upo, na kama asilimia 10 ilikubali kuja kila mwaka. Tumeshaona kwenye 2017 kwamba huwa haikubali.

Sisemi msinunue hisa. Ninazo, na sijuti. Mimi niligawa: kilichotakiwa kununua dawa na unga nilikipeleka kwenye hati fungani na kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT ambako naweza kutoa nikibanwa. Hisa nimezinunua kwa fedha ambayo ningeweza kuisahau miaka kumi. Mgawanyo wenu hautafanana na wangu. Kuna mwenzetu ana mtoto chuo mwaka wa kwanza. Kuna mwingine ana shamba la machungwa linalomlipa kuliko benki yoyote.

Safu ya mwisho ya jedwali langu ndiyo watu huicheka. Ni bei ya kilo ya sukari. Kila Januari naandika bei niliyonunulia pale dukani kwa jirani. Mfumuko wa bei wa taifa nausoma na kuuheshimu, lakini chai ninayokunywa ni ya hapa Korogwe. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na watu wakaanza kupimiwa robo robo, safu ile iliruka kuliko gawio lolote kwenye jedwali. Mwaka uliofuata ikatulia. Nagawanya gawio langu lote kwa bei ya sukari, napata kilo. Kilo zikiongezeka najua nimesonga mbele. Shilingi peke yake zilishawahi kunidanganya.

Mengine ni ya haraka. Gawio la mwaka 2024 linalipwa 2025, kwa hiyo amueni mapema mnaandika mwaka upi, msije mkalihesabu mara mbili kama nilivyofanya. Angalieni tarehe ya kufunga rejista ya wanahisa: ukinunua baada ya hapo, gawio la mwaka huo ni la aliyekuuzia. Soko letu ni dogo; siku ya kutaka kuuza mnunuzi anaweza asionekane kwa wiki nzima au zaidi, kwa hiyo ada ya hospitali isitegemee hisa. Na msilundike kila kitu kwenye benki mbili kwa sababu tu nimezitolea mfano. Ndege zilipositishwa duniani mwaka 2020, kampuni ya kuhudumia ndege haikuwa na cha kuhudumia, na kabla ya hapo nani angeliandika hilo kwenye Excel?

Jambo moja nalisema taratibu. Namba ya akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako sokoni, jina la dalali wako, na akaunti ya benki gawio linakoingia, viandike kwenye karatasi na mpe mwenzi wako. Nimekaa na mjane mmoja asubuhi nzima tukipekua makabati. Alijua marehemu "ana vitu vya hisa", hakujua vipi wala wapi. Ukibadilisha laini ya simu au benki, toa taarifa, maana gawio lisilo na pa kwenda hukaa huko huko likisubiri mwenyewe. Mimi karatasi yangu imo ndani ya bahasha ileile ya kaki, juu kabisa, na mama watoto ameisoma mara mbili mbele yangu kwa sauti.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nitakuwa kwenye darasa la saba pale shuleni kwetu, kuanzia saa tatu asubuhi. Mwalimu mkuu ametupa ruhusa. Laptopu si lazima. Kila mmoja aje na daftari la miraba, kalamu ya risasi na kifutio, pamoja na taarifa ya fedha ya kampuni moja anayoitamani, ya mwaka 2017. Ya mwaka huu iacheni nyumbani.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Korogwe